Ngozi ya Huko Nayo ni Ngozi

Mgonjwa wa mwisho siku ile alikuwa dereva wa lori. Gari lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara tangu saa nne asubuhi, na muuguzi aliniambia kwamba alimwona mara mbili akishuka, akavuka, akafika mpaka kwenye benchi la wagonjwa, kisha akarudi zake garini. Ilikuwa mwaka 2004, katika kituo cha afya kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, nami nilikuwa tabibu mwenye miaka miwili kazini. Aliingia foleni ilipokwisha kabisa. Nilimwamkia shikamoo, maana alinizidi kama miaka kumi na mitano. Akaitikia, akaketi, akaweka funguo mezani, akasema ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

"Unaumia ukikojoa?"

"Hapana."

"Unaenda haja ndogo mara kwa mara?"

"Hapana, dokta."

"Sasa hiyo UTI umeijuaje, mzee?"

Akautazama mlango. Muuguzi alikuwa amesimama pale na mafaili mkononi. Nikamwomba atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa, dereva akashusha sauti ingawa hapakuwa na wa kusikia. "Kuna kitu huku chini," alisema. "Kinakuja, kinaondoka."

Tangu siku hiyo nimeyasikia majina mengi ya kitu hicho. Wengine hukiita UTI sugu, wengine fangasi, wengine mchubuko wa nguo ya ndani. Kinamama wa makamo husema "nawashwa tu" na kunyamaza. Vijana hutoa simu na kunionyesha picha, wakiapa kwamba ni ya rafiki yao. Sijapata kumwona mtu mwenye kipele cha kiwiko akasingizia kuwa ni cha rafiki.

Ngozi ya huko nayo ni ngozi. Inapata mzio kama ya usoni, inashikwa na upele kama ya vidoleni, inazeeka, inabadilika rangi, na inaweza kuota saratani. Inapata pia magonjwa ya zinaa, na hilo ndilo jambo pekee ambalo karibu kila mtu analifikiria anapokutana na doa asilolijua. Basi hofu inageuka aibu, aibu inageuka siri, na kidonda ambacho kingeisha kwa sindano moja kinakaa miezi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu aibu hii haiwapotezi wagonjwa peke yao.

Karatasi ya kwanza

Nilichokiona kilikuwa baka moja la mviringo kwenye kichwa cha uume, ukubwa wa kifungo cha shati. Rangi yake ilikuwa kati ya wekundu na zambarau, kingo zake safi kana kwamba zimechorwa kwa bikari, na katikati ngozi ilikuwa imechubuka. Kilimchoma kidogo. Mitoki haikuwapo kinenani. Alisema ni mara ya tatu kwa mwaka ule, na kila mara kinatokea mahali palepale.

"Na huwa ni wakati gani?"

"Safarini."

Neno hilo lilinitosha. Dereva, barabara kuu, kidonda, safarini: hadithi nzima niliimaliza kichwani kabla yeye hajaianza. Nilifungua mwongozo wa matibabu na kufanya ulivyosema. Mwenye kidonda sehemu za siri atibiwe kaswende na pangusa kwa pamoja, bila kungoja majibu ya maabara, na mwenza wake aitwe naye atibiwe. Nilimchoma penisilini, nikampa vidonge, kisha nikachukua karatasi, nikaandika, nikagonga muhuri.

Akaishika karatasi ile kwa muda mrefu. "Hii nimpe mke wangu?"

"Ndiyo, mzee."

Mwongozo wenyewe haukuwa wa kubuni, na inafaa msomaji ajue ulikotoka. Kati ya 1991 na 1994 watafiti mkoani Mwanza walichukua jumuiya 12 za vijijini. Katika 6 kati ya hizo, watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, wakahakikishiwa dawa, na wananchi wakahimizwa waje mapema. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU katika jumuiya hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika zile nyingine. Kidonda cha sehemu za siri ni mlango wazi kwa VVU, na mlango huo unaweza kufungwa kwa dawa za bei nafuu katika zahanati isiyo na hadubini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na yakasomwa dunia nzima.

Kwa hiyo sijutii sindano. Ninachojutia ni swali ambalo sikuuliza. Nilimwuliza kidonda kinatokea wapi na lini, lakini sikumwuliza hata mara moja huwa amemeza nini.

Kidonda na historia yake

Watu wengi hudhani daktari anatambua kidonda kwa kukitazama. Kutazama kuna kazi yake, lakini kazi kubwa hufanywa na masikio. Kilianza lini? Kinauma au hakiumi? Kimewahi kuja na kuondoka? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Umepaka nini? Mambo haya ndiyo yanayotenganisha magonjwa yanayofanana kwa sura.

Chukua kaswende. Kidonda chake cha kwanza hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kama wiki ya tatu. Ni kigumu kwa chini ukikibonyeza, na kwa kawaida hakiumi. Kisichouma ndicho kinachodanganya. Baada ya wiki tatu hadi sita kinapona chenyewe, na mwenye nacho anamshukuru Mungu, au anamshukuru mganga aliyempa dawa ya kuoga wiki iliyotangulia. Lakini vimelea havijaondoka. Baadaye vinaweza kujitokeza kama vipele mwilini, hata viganjani na nyayoni, kisha vikajificha tena kwa miaka mingi kabla ya kushambulia moyo, mishipa mikubwa au ubongo. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, ndiyo maana kliniki ya wajawazito hupima damu. Na kipimo kikifanywa mapema mno, siku chache tu baada ya kidonda kutokea, kinaweza kusema hakuna kitu, kirudiwe. Kaswende ya awali hutibiwa kwa dozi moja ya penisilini ya misuli. Ni maradhi machache mabaya hivyo yanayotibika kirahisi hivyo.

Malengelenge ni kinyume chake kwa tabia. Yanauma na kuchoma, huja kama kishada cha vilengelenge vidogo vinavyopasuka na kuacha vidonda vya juujuu, na yakishaondoka yanaweza kurudi. Virusi vyake hukaa kwenye mishipa ya fahamu na havitoki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi navyo, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Wengi hawajui kabisa kwamba wanavyo. Ndiyo maana mlipuko wa kwanza unaweza kutokea ndani ya ndoa tulivu, bila mtu yeyote kutoka nje juzi wala jana. Dawa ya asaikloviri hufupisha mlipuko, na mjamzito mwenye historia hiyo amweleze mkunga mapema.

Masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri, ni vinyama laini visivyouma, wakati mwingine vimejikusanya kama koliflawa. Karibu vyote vinatokana na aina ya 6 na ya 11 ya kirusi cha HPV. Aina za 16 na 18, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, ni nyingine, ila zote ni za ukoo mmoja. Kwa hiyo mwanamke mwenye masundosundo asidhani tayari ana saratani. Aitumie safari ileile kupimwa mlango wa kizazi.

Halafu kuna ambavyo havihusiani na zinaa hata kidogo. Kama unajikuna zaidi usiku, watoto nao wanajikuna, na una vipele katikati ya vidole, basi vile vivimbe vigumu vya korodani huenda ni upele tu, na nyumba nzima inahitaji kutibiwa siku moja. Mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye ngozi yake ya ukeni imekuwa nyeupe na nyembamba kama karatasi ya sigara na inamuwasha usiku kucha, anaweza kutibiwa fangasi miaka mitano wakati hana fangasi. Ana ugonjwa wa ngozi unaodhibitiwa kwa krimu maalumu chini ya uangalizi wa daktari, na unaohitaji kufuatiliwa kwa sababu mara chache hugeuka saratani.

Kuna kichocho. Aina inayokaa kwenye njia ya mkojo, iliyozoeleka Unguja, Pemba, pwani na sehemu nyingi za bara, hutaga mayai ambayo kwa wanawake hukwama pia kwenye uke na mlango wa kizazi. Mwenye nayo hutokwa uchafu, huvuja damu baada ya tendo la ndoa, huwa na vidonda au vivimbe, na mtaalamu akiangalia ndani huona mabaka kama yaliyonyunyiziwa mchanga. Inakadiriwa kwamba wanawake milioni 56 wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara wana hali hiyo. Wangapi kati yao wameambiwa wana zinaa? Kosa lao lilikuwa kuchota maji bwawani wakiwa wasichana.

Na kuna mapya. Septemba 2023, huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu Kusini, matabibu walianza kupokea watu wenye vidonda sehemu za siri ambavyo havikuwa kaswende wala malengelenge. Ilikuwa Mpox, katika sura iliyokuwa ikisambaa kwa mgusano wa karibu, ukiwemo wa kujamiiana. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Vipele vyenye kishimo katikati, homa, tezi kuvimba, na historia ya kukutana na mtu mwenye vipele: mtu wa namna hiyo apige simu kituoni au ajieleze mlangoni, asikae kwenye benchi lililojaa watoto.

La mwisho ni lile ambalo wahenga wa Kiswahili walilipa jina kabla ya hospitali, donda ndugu. Kidonda, uvimbe au baka lolote la huko lililopita wiki nne bila kupona, au lililopona nusu na kurudi kukua, linahitaji kukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Saratani ya uume na ya mashavu ya uke zikiwahiwa zinatibika. Mwenye VVU awahi zaidi, kwa sababu hatari yake ni kubwa.

Kijana wa kidato cha nne

Si kila doa ni ugonjwa. Mwanafunzi mmoja aliletwa na baba yake akitembea kwa kutanua miguu. Alikuwa ameungua kichwa cha uume pande zote. Nilipowatenganisha, nikabaki naye peke yake, alisema aliona vipele vidogo vyeupe, vimejipanga mstari kama shanga kuzunguka kichwa cha uume. Alivipaka limao na chumvi. Havikutoka. Akavipaka spiriti. Havikutoka. Rafiki yake wa bwenini akamletea maji ya betri.

Vile vishanga ni maumbile. Wanaume wengi wanavyo, huonekana baada ya kubalehe, haviambukizi na havihitaji dawa. Wanawake nao wanaweza kuwa na vinundu laini, vinavyolingana pande mbili, ndani ya midomo ya uke. Na kuna vile vidoto vya rangi ya maziwa mgando kwenye ngozi ya uume, mashavu ya uke na hata midomo ya uso. Ni tezi za mafuta, na mtaalamu wa ngozi wa Marekani, John Addison Fordyce, alizieleza tangu 1896. Kijana yule alikaa wodini siku tisa akiuguza dawa, maana ugonjwa hakuwa nao.

Dirisha la duka la dawa hufanya kazi kama ya yale maji ya betri, ila polepole. Mteja anainama, ananong'ona, na anayemhudumia naye ananong'ona, kwa kuwa nyuma kuna foleni. Anapewa bomba la krimu yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali. Muwasho unakoma usiku uleule. Krimu inasifiwa mtaa mzima. Baada ya miezi miwili ngozi imekuwa nyembamba, imechanika, mishipa inaonekana, na fangasi walionyamazishwa wamesambaa mpaka mapajani. Mgonjwa wa namna hiyo akinifikia, sura ya ugonjwa wake wa kwanza imeshafutika kama ubao wa darasani.

Moshi

Mwaka 2006 nilikwenda kusoma Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992 pale hospitali ya KCMC. Kituo kile huwafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hufundisha ngozi na magonjwa ya zinaa kama somo moja. Nilidhani ni kubana matumizi. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo busara yenyewe: anayejua zinaa tu, kila kidonda atakiona zinaa.

Wiki ya tano au ya sita, mwalimu alituletea mama mmoja mwenye baka jeusi mdomoni. Akatuuliza tunaona nini. Tukajibu kwa sauti moja, malengelenge. Mwalimu hakutujibu. Alimgeukia yule mama akamwuliza kwa upole, "Mama, ukipata homa huwa unameza nini?"

Nilimkumbuka dereva wangu papo hapo. Nilikumbuka hata kitu ambacho sikujua kwamba nilikiona: kwenye mdomo wake wa chini palikuwa na alama ya kijivu, ndogo, ya mviringo, ambayo niliipuuza nikidhani ni ya sigara.

Kuna mzio wa dawa unaochagua mahali pake na kurudi hapo daima. Mfaransa Louis Brocq aliupa jina mwaka 1894, baada ya kuuona kwa watumiaji wa dawa ya kutuliza homa. Mtu anameza dawa fulani. Ndani ya saa chache au siku moja mbili baka la mviringo linatokea, linachoma, linaweza kutunga maji na kuchubuka, kisha linapona na kuacha doa la kijivu au jeusi. Akiimeza tena mwezi ujao au mwaka ujao, palepale panawaka upya. Kichwa cha uume na midomo ya uso ni miongoni mwa sehemu linazozipenda. Dawa zinazojulikana kwa hilo ni zile tulizonazo majumbani: za salfa, doksisaiklini na ndugu zake, metronidazoli, dawa za maumivu.

Sasa fikiria Tanzania Bara ya 2004. Klorokwini ilikuwa imeshaachwa, dawa ya mseto haijaingia, na tangu 2001 dawa ya kwanza ya malaria ilikuwa SP, salfa, vidonge vitatu kwa mpigo. Kila lori lilikuwa na pakiti yake karibu na usukani. Na kibaya zaidi, dereva yule alipokuja mara ya pili kwangu akiwa na homa, nilimwandikia SP kwa mkono wangu.

Ukienda, nenda hivi

Nenda mapema, kabla hujapaka kitu. Kama umeshapaka au kumeza, beba kopo, bomba au pakiti, hata ile ya mganga. Daktari hatakugombeza, na akikugombeza hilo ni lake. Piga picha ya baka siku linapotokea, kwa simu yako mwenyewe, hasa kama huwa linapotea kabla hujafika hospitali. Usiitume kwenye kundi lolote.

Ukifika kwa karani, huna wajibu wa kutangaza dirishani. "Nina shida ya ngozi" ni kauli ya kweli na inatosha. Ndani, sema kwa maneno uliyo nayo. Nimewahi kuambiwa "bwana mdogo ana jeraha" na "kule nyumbani kwa mwanamke kunawaka moto", na kazi ikaendelea. Una haki ya mlango kufungwa, ya kuomba tabibu wa jinsia yako kama yupo, na ya kuwa na mtu wako au muuguzi chumbani unapokaguliwa. Una haki pia ya kuuliza: unadhani ni nini, nini kingine kinaweza kuwa, nirudi baada ya siku ngapi kisipopona?

Kisha jibu ukweli, hasa kwa mambo mawili. Kuhusu mahusiano, anayekuuliza hatafuti dhambi. Anahesabu siku, kwa sababu kila ugonjwa una siku zake za kujificha. Kuhusu dawa, taja kila kitu cha wiki mbili zilizopita, hata kidonge kimoja cha kichwa ulichopewa na jirani. Kubali kupimwa damu ya kaswende na VVU. Na kama unatumia dawa kila siku, kwa mfano septrini, ambayo nayo ni ya salfa, uliyopewa CTC, kliniki ya wenye VVU, usiiache kwa sababu ya kusoma sura hii. Nenda ukaulize huko.

Zipo dalili zisizongoja zamu: homa pamoja na ngozi kubanduka sehemu nyingi au vidonda mdomoni na machoni baada ya kumeza dawa, kushindwa kukojoa, uvimbe unaopanda haraka wenye maumivu makali. Hizo ni za kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Bibi mmoja wa Kilwa aliyekuja kwangu na mjukuu wake alimaliza hotuba yangu yote kwa maneno matatu. Binti alikuwa ameshika sketi kwa mikono miwili, anatetemeka. Bibi akamwambia, "Mficha uchi hazai." Binti akacheka, akaachia.

Karatasi ya pili

Niliporudi kituoni mwaka 2008, nilimkuta utingo wa zamani wa yule dereva akiuza vipuri kando ya barabara. Sikuweza kumwambia ninachotaka. Siri ya mgonjwa haina utingo. Nikampa salamu tu: mwambie mzee yule tabibu amerudi, na angependa kumwona.

Alikuja baada ya miezi miwili, safari hii na mkewe. Nilimwuliza swali ambalo lilichelewa miaka minne. Hakukumbuka. Lakini mkewe aliinuka, akaenda garini, akarudi na madaftari ya matumizi, yamefungwa kwa mpira wa tairi. Tajiri mwenye lori alikuwa mbishi wa hesabu, kwa hiyo dereva aliandika kila shilingi: dizeli Chalinze, pancha Mikumi, chakula Ruaha Mbuyuni. Na humo ndani, mara sita katika miaka ile, "dawa ya malaria": Ilula, Makambako, Makambako tena, Tunduma. Dereva mwenyewe alizikumbuka tarehe za kidonda kwa sababu ya ugomvi uliofuata kila mara akirudi nyumbani. Tulizipanga pamoja mezani. Zililingana zote.

Kumbe utingo alimwambia amenasa tego la mume wa mtu. Kumbe alilipa mganga. Kumbe mkewe, baada ya kupokea karatasi yangu, aliondoka akakaa kwa mama yake Njombe miezi minane, na akarudi kwa ajili ya watoto.

Nilimweleza mama yule kila kitu, kisha nikasema, "Ile karatasi niliiandika mimi, mama, na sikuuliza vya kutosha." Madaftari yale hayakuthibitisha kwamba mumewe ni mwaminifu, ngozi haina uwezo wa kushuhudia jambo hilo. Yalithibitisha kwamba amekula salfa, na hilo ndilo pekee ambalo kidonda kile kilikuwa kikisema muda wote.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi andika nyingine."

Nikaandika: asipewe dawa yoyote yenye salfa, ikiwemo SP na kotrimoksazoli, akiugua homa apimwe kwanza, apewe dawa ya mseto. Nikagonga muhuri. Akaisoma mara mbili. Halafu akafungua pochi, akatoa karatasi ya kwanza, imechakaa kwenye mikunjo, akaziweka mezani sambamba kama mtu anayelinganisha vitambaa dukani.

"Muhuri uleule," alisema. Karatasi mpya akamkabidhi mumewe aiweke kwenye leseni. Ile ya zamani akanirudishia mimi.